Tingatinga Linalomwita Mume Wangu Mwizi

Mtaa wa Tena, Nairobi
Jumatatu, 11 Oktoba 1999

Kwako Bwana Gichuru, Meneja wa Mitambo, kwa heshima zote anazostahili mkubwa wa mume wangu,

...na hapo ndipo ulipopandisha kioo cha gari, kwa hiyo hukusikia nusu ya pili ya sentensi yangu. Nusu ya pili ilikuwa hivi: mume wangu si mwizi, na tingatinga lako halina adabu. Uliniambia tu, "Mama, andika barua," ukaondoka. Basi nimeandika. Nimetumia karatasi nzuri zilizobaki kwenye mialiko ya harusi, ndiyo maana kila ukurasa una njiwa wawili pembeni. Nakuomba usiwajali hao njiwa. Wao hawamo katika malalamiko.

Kwa kuwa pale getini Jumamosi tulizungumza kwa haraka, naona nijitambulishe vizuri. Mimi ni Bi. Millicent Nekesa Wakoli. Hilo jina la mwisho nililipata tarehe 11 Septemba, saa sita kasorobo, mbele ya kasisi na watu mia mbili, na leo ni mwezi mmoja kamili. Kila nikiliandika naipamba herufi ya kwanza kwa furaha. Angalia ile W. Mume wangu ni Naftaly Wakoli, dereva wa tingatinga lako jipya la manjano, lile lenye mkono mrefu na ndoo, linalochimba msingi wa nyumba za ghorofa hapa nyuma ya kwetu. Nikipanda juu ya paa kuanika nguo namwona. Saa nne kamili, kabla ya chai, yeye huinua ile ndoo hewani mara tatu. Wafanyakazi wenzake hudhani anakung'uta udongo. Sasa wewe na mimi ndio tunajua.

Ijumaa iliyopita mtu huyu wa kuinua ndoo alirudi nyumbani na barua yako. Inasema kwamba yule fundi wa kompyuta mliyemwita aliunganisha waya zake kwenye tingatinga, akakuta limejiandikia ndani kwamba katika wiki tatu mtu amejaribu kuliwasha mara sabini na moja kwa ufunguo usiosomeka, na mara zote aliyekuwa zamu ni Naftaly. Inasema mnashuku amechongesha ufunguo wa bandia ili mtambo uibwe. Inamtaka afike mbele ya kamati Ijumaa hii, tarehe 15, saa tatu asubuhi, na asipokuwa na maelezo ataondolewa kazini na jambo lifikishwe polisi.

Bwana Gichuru, mwanamume huyu haongezi kijiko cha pili cha sukari bila kuniuliza.

Kabla sijaanza kulalamika, nataka ujue kwamba nauelewa mtambo wenyewe, usije ukasema ni mambo ya mama wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne. Naftaly amenieleza kwamba ndani ya kichwa cha plastiki cha ule ufunguo kumefichwa kidude cha elektroniki kidogo kama punje ya mchele. Ukiutia ufunguo kwenye tundu lake, mashine inakiuliza kile kidude, "Ni wewe?" Nacho kinajibu, "Ni mimi." Kikijibu, taa ndogo nyekundu inazima na injini inanguruma. Kisipojibu, taa inamemeteka na injini haitoi hata kikohozi, ili wezi wakate tamaa waende zao. Ni mpango mzuri sana. Mimi na Naftaly tulijuana kwa njia hiyo hiyo, katika kwaya, yeye akiwa safu ya besi na mimi safu ya alto.

Haya sasa.

Lalamiko la kwanza. Fungate ni siku saba. Hata jina lenyewe linasema hivyo kwa yeyote anayejua Kiswahili. Wewe ulimpa mume wangu siku nne. Siku ya tano ulimwita aje kukabidhiwa tingatinga jipya. Ilikuwa heshima kubwa, sikatai, na nilimpigia pasi ovaroli mpaka ikasimama yenyewe. Lakini mtu aliyekatishwa fungate katikati hawezi kutarajiwa kuelewana papo hapo na mashine ngeni.

Hata hivyo tuliipokea kwa moyo mweupe. Jioni alipouleta ufunguo nyumbani, maana kwa amri yako unalala kwetu, niliukuta uko uchi kabisa, mweusi, baridi, hauna hata uzi. Senge yangu Khalayi, yaani shangazi upande wa baba, aliyenifunda wiki moja kabla ya harusi, alinionya kwamba mke mpya asikubali kitu cha mume wake kionekane uchi machoni pa watu. Na mimi kufuma kwa kroshia nimekujua tangu darasa la Sayansi Kimu. Nimekwisha kufunika viti, redio, saa ya mezani, thamosi, na mtungi wa gesi. Basi nikaufumia ufunguo kifuko chekundu chenye umbo la moyo, kinachobana kile kichwa cha plastiki vizuri. Ndani yake nikatia karatasi ya rangi ya fedha niliyoibandua kwenye kibao cha keki yetu ya harusi, nikaikunja mara mbili, ili moyo usilegee na ili mume wangu atembee na kipande cha siku ile. Naftaly alipokiona aliapa kwamba ufunguo hautavuliwa kifuko hicho maadamu yeye ni mume wangu. Nakueleza haya ujue kwamba mali ya kampuni inatunzwa na familia nzima.

Lalamiko la pili. Kesho yake asubuhi tingatinga lilimkataa. Naftaly alipanda, akaketi, akatia ufunguo, akazungusha. Kimya. Ile taa nyekundu ikawa inamwonyesha kwa watu kama kidole. Akashuka, akasubiri, akapanda tena. Kimya. Ikabidi amwite fundi wenu, Bwana Matheka. Matheka akasema, "Leta funguo," akapewa, akaketi, akazungusha mara moja tu, na injini ikanguruma kama imechinjiwa ng'ombe. Saa nane, baada ya chakula cha mchana, mambo yakawa yale yale. Na kesho yake. Na keshokutwa. Ufunguo ni ule ule, tundu ni lile lile, tingatinga ni lile lile. Kinachobadilika ni mtu aliyekalia kiti. Kwa Matheka linanguruma. Kwa mume wangu linanuna.

"Wakoli," Matheka alimwambia siku ya tatu, "hii mashine haikupendi, ndugu yangu."

Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mwenye ndoa ya siku kumi? Nami huku juu ya paa, nikiwa na shuka mkononi, nangoja salamu yangu ya saa nne. Siku moja ilifika saa tano na robo. Shuka lilikuwa limekauka.

Lalamiko la tatu linahusu uchunguzi. Simlaumu Matheka. Ni mtu mpole, amekula kwetu mara mbili, na anafanya kazi kwa utaratibu. Kwanza alikosha vichwa vya betri kwa maji ya moto. Tingatinga likawaka kwa Matheka, likamkataa Naftaly. Akabadilisha fyuzi. Likawaka kwa Matheka, likamkataa Naftaly. Akafungua ule mduara wa waya unaozunguka tundu la ufunguo, akapuliza vumbi, akafuata waya mmoja mmoja mpaka kwenye injini, akavirudisha vyote. Wewe unajua lilimwakia nani. Mwishowe akafungua kitabu cha mtambo, na kitabu kikasema kwamba ufunguo huo usiwekwe pamoja na funguo nyingine wala karibu na vitu vya chuma, kwa sababu vinamziba mdomo yule punje wa mchele.

Bwana Gichuru, unajua ufunguo huo ulikuwa umefungwa pamoja na ufunguo gani? Ufunguo wa nyumba yetu. Nilizifunga mimi mwenyewe kwenye pete moja, kazi na nyumbani, pamoja daima. Tarehe 28 Septemba zilitenganishwa mchana kweupe. Sasa ufunguo wa kazi unakaa mfuko wa kulia na ufunguo wa nyumba mfuko wa kushoto, kama watu waliokosana kanisani. Na baada ya ukatili wote huo, tingatinga likakataa vilevile!

Jioni hiyo tulikaa mezani tukakagua kila kitu anachokwenda nacho kazini. Mkanda una chuma. Akaanza kufunga kamba. Saa ya mkono ina chuma, akaiacha nyumbani. Kifuko changu hakina chuma, ni uzi na karatasi tu, kwa hiyo kilipita bila maswali. Mimi mwenyewe ndiye niliyekipitisha.

Lalamiko la tatu, sehemu ya pili, maana nilisahau. Kitabu hicho kina picha ya dereva anayetabasamu huku akiwasha mtambo. Nimeitazama mikono yake yote miwili. Hana pete. Huyo si mfano wa kumpa mtu aliyetoka kuoa.

Lalamiko la nne. Nilitaka kuliandika nikiwa nimetulia, na sijatulia. Jumanne tarehe 5, akiwa amekwisha kuvua kila kitu cha chuma, Naftaly alivua na pete ya ndoa. Alinieleza mwenyewe jioni, machozi yakimlengalenga, kwa sababu hana siri kwangu. Aliitia mfukoni, akazungusha ufunguo, na tingatinga likamkataa akiwa hana pete kama lilivyomkataa akiwa nayo. Pete ilivishwa na kasisi mbele ya watu mia mbili. Ilivuliwa na kitabu mbele ya taa nyekundu. Kwa dakika tatu nzima, Bwana Meneja, mume wangu alikuwa kapera kwenye eneo la ujenzi la kampuni yako, na hakuna chochote kilichowaka.

Lalamiko la tano. Habari zimetoka nje ya ua. Vijana wa kuchanganya saruji sasa wanamwamkia, "Niaje, gondi!" na gondi kwa lugha yao ni mwizi. Naftaly anawaitikia kwa sababu amelelewa vizuri. Na jirani yangu Mumina, tunayegawana naye kamba ya nguo, aliniambia juzi akiwa na vibanio mdomoni, "Millicent, mashine haina sababu ya kusema uongo. Hebu muulize bwanako ana funguo ngapi."

Nikamwambia ana mmoja.

"Wote husema mmoja," akasema, akaendelea kuanika.

Nakiri kosa langu la jioni hiyo. Naftaly alipokwenda kuoga nilikagua mifuko yake, jambo ambalo sitalirudia. Nilikuta ufunguo wako ndani ya kifuko changu, ufunguo wa nyumba, penseli, na andazi nusu lililofungwa kwenye karatasi, ambalo alikuwa ameniwekea kutoka kwa chai ya saa nne. Hakuna ufunguo wa pili. Kulikuwa na andazi. Nililila nikilia, kisha nikalifumia kopo la chumvi kifuniko.

Kwa hiyo jambo lenyewe ndilo hilo, na ukiacha njiwa na andazi si la mzaha. Ijumaa watu watano watakaa mezani na karatasi ya kompyuta, na mume wangu atasimama mbele yao bila jibu, kwa sababu jibu hana. Akiondolewa kwa wizi hakuna ujenzi Nairobi nzima utakaompa mtambo tena. Amesukuma toroli miaka minne ndipo akafundishwa tingatinga. Usiku huwa ananiambia udongo wa Tena uko tabaka ngapi na kila tabaka lina rangi gani. Sijawahi kumsikia mtu akiupenda udongo hivyo.

Basi naomba yafuatayo, na ukikataa la kwanza nenda la pili.

Kwanza, tingatinga lifundishwe kumtambua Naftaly mwenyewe, si ufunguo. Ufunguo unaweza kuibwa, Naftaly hawezi. Ana sauti ya besi isiyofanana na ya mtu yeyote. Kwaya yetu iko tayari kuirekodi kwenye kaseti, pande zote mbili, na kaseti ikachezwa karibu na lile tundu mpaka lizoee.

Kama hilo ni gumu, kile kidude kitolewe kwenye plastiki kitiwe ndani ya pete yake ya ndoa. Hapo mwizi atakayetaka tingatinga itabidi kwanza anioe mimi, na nitakataa.

Kama hilo nalo ni gumu, basi tingatinga liitwe kwenye kamati. Ndilo lililoshtaki. Si haki mshtaki abaki uwanjani akila mafuta huku mshtakiwa akijieleza. Najua halitapita mlangoni, kwa hiyo kikao kifanyike nje na mtoe viti. Naambatanisha nakala ya cheti chetu cha ndoa, tafadhali lionyeshwe kwenye ile taa. Likishindwa kueleza ni kosa gani mume wangu amelifanyia, limwombe radhi kwa kuinua ndoo mara tatu kuelekea paa letu, saa nne kamili, nami nitakuwa pale na shuka.

Na zile siku tatu za fungate zilizobaki zirudishwe, ziwe mfululizo.

Nakuomba unifikishie salamu kwa Mama Gichuru na watoto, kwa karani wako aliyenipa kiti, kwa askari wa getini ambaye hakunipa, kwa mweka stoo, kwa kamati nzima mmoja mmoja, na kwa yule dereva wa kwenye kitabu, Mungu amjalie mwenzi. Mumina naye anasalimu, ingawa sikumwambia naandika nini.

Ni mimi, kwa heshima na kwa furaha ambayo hata jambo hili halijaweza kuimaliza,

Bi. Millicent Nekesa Wakoli

Nyongeza, Jumatano, 13 Oktoba

Bwana Gichuru, barua hii haikuondoka Jumatatu, na sasa nashukuru.

Jumatatu jioni, baada ya kuweka sahihi, nilikivua kile kifuko nikakifua, kwa sababu sikutaka ufunguo ufike mbele ya kamati ukiwa na mafuta ya mashine. Uzi mwekundu unachelewa kukauka. Kwa hiyo Jumanne Naftaly alikwenda kazini na ufunguo ukiwa uchi. Tingatinga liliwaka mara ya kwanza. Mchana likawaka. Saa nne kamili, ndoo mara tatu. Leo asubuhi likawaka tena, na nilikuwa nikimwambia Mumina kwamba haki ina nguvu, malalamiko yangu yamesikika hata kabla hayajasomwa.

Leo mchana nilikipeleka mwenyewe kule kazini kile kifuko kikavu, na karatasi yake ndani, nikauvisha ufunguo kwa mikono yangu mbele ya Naftaly. Akazungusha. Kimya. Taa nyekundu. Matheka alikuwa amesimama pale pale. Akaja, akautazama ule moyo kama mtu aliyeona paka ndani ya injini, na nikashangaa, maana si ameushika mara sitini? Akavuta karatasi ya fedha kwa vidole viwili.

"Shemeji," akaniuliza, "hii ni nini?"

"Keki," nikamwambia.

Akauvisha ufunguo uzi peke yake: ukawasha. Akairudisha karatasi: ukakataa. Alifanya hivyo mara nne, mpaka vijana wa saruji wakawa wanahesabu kwa sauti. Kumbe karatasi ile si karatasi tu, ina bati jembamba juu yake, na kumbe nilikuwa nimemfunga mdomo yule punje wa mchele kwa kibao cha keki.

Ndipo Naftaly akakiri. Siku ya kwanza kabisa wale vijana walimcheka, "Wakoli, hiyo funguo imevaa sweta, inaskia baridi?" Tangu hapo, kila alipomwita Matheka, alikivua kifuko kwanza akakificha mfukoni, akampa ufunguo mtupu. Matheka akishuka, alikirudisha, kwa sababu aliniapia. Mara zote sabini na moja, Bwana Gichuru, alikuwa akitimiza neno lake. Tingatinga halikumkataa mume wangu hata siku moja. Lilikuwa halimwoni, kwa sababu yangu.

Kwa hiyo malalamiko ya pili, ya tatu na sehemu yake, ya nne na ya tano nayafuta yote. Kaseti haihitajiki. Pete ibaki pete. Aliyemwita Naftaly mwizi ni mimi, kwa kroshia, na nimeambatanisha ile karatasi ya fedha ili kamati ijaribu yenyewe Ijumaa kabla haijamwuliza mume wangu neno lolote. Matheka ameweka sahihi yake hapa chini kama shahidi, na ndiye anayekuletea barua hii mkononi. Amesema pia kwamba ufunguo wa nyumba unaweza kurudi mahali pake, kwani hauna neno.

Lalamiko la kwanza linabaki kama lilivyo. Fungate bado ni siku saba.

Nami, kabla mwezi huu haujaisha, nitafika ofisini kwako mwenyewe kukuomba radhi, na albamu ya picha ili uione ile keki ilivyokuwa nzuri, na kitambaa cha kufunika kiti cha tingatinga. Nimekwisha kukianza. Nakuahidi ni uzi mtupu.